Soksi Pea Mbili: Historia ya Baridi ya Kiwandani

Ndugu akitoka kambini kwenda Marekani, sauti ya kwanza anayotutumia kwa WhatsApp mara nyingi haizungumzii maghorofa. Inazungumzia soksi. "Huku navaa pea mbili, na bado!" Ukimuuliza vizuri utakuta yuko kiwanda cha nyama, na baridi anayoilalamikia si ya theluji. Ni baridi ya ndani, imetengenezwa na watu, na ina historia yake.

Zamani kule, kuchinja kwa wingi kulikuwa kazi ya msimu wa baridi, maana nyama ya kiangazi ilioza. Baadaye wakazoea kuhifadhi barafu iliyokatwa maziwani. Mwaka 1878 mhandisi Andrew Chase akamtengenezea Gustavus Swift, tajiri wa nyama wa Chicago, behewa la treni lenye barafu. Nyama ikaanza kusafiri mwaka mzima, na mfanyakazi naye akaingia kwenye ubaridi mwaka mzima.

Upton Sinclair alikaa Chicago wiki saba mwaka 1904. Katika riwaya yake The Jungle, ya 1906, wahamiaji kutoka Lithuania wanafanya kazi machinjioni bila moto wowote, wamefunga miguu kwa magazeti na magunia, na damu inaganda humo humo. Wasomaji walichafukwa na roho, lakini kwa sababu ya nyama. Sheria iliyopitishwa mwaka huohuo iliimarisha ukaguzi wa nyama. Miguu ya wale watu hakuna aliyeikagua.

Miaka ya 1980 walifika wakimbizi wa Vietnam na Laos, kwa mfano Garden City, Kansas. Wakafuata Wasomali, na sasa Wakongo wetu. Chumba cha kukatia nyama huwa chini ya nyuzi 10, hata kama nje jua la Julai linachoma. Kwa hiyo mtu anatoka nyumbani na fulana, halafu anavaa nguo zake akifika kazini.

Anavaaje? Hapa wengi tunawazia koti moja zito la mitumba. Lakini mtu wa kisu anatoka jasho, na jasho likibaki kwenye pamba, pamba inakuwa kama barafu mgongoni. Ndani kabisa iwe nguo nyepesi isiyonywa maji, juu yake sweta ya sufu, kisha ndiyo koti la kazi. Kinachopasha joto ni hewa iliyotulia katikati ya nguo. Ndiyo maana zile soksi pea mbili, kama gambuti inabana, zinamzidishia baridi: hewa hakuna na damu haipiti vizuri.

Na nani analipa? Kanuni ya Marekani iliyoanza 2008 inamtaka mwajiri alipie vifaa vingi vya kinga. Koti la kawaida la baridi ya nje halimo, hilo unajinunulia. Lakini nguo za kuingilia sehemu zenye baridi kali ya mashine, kama friza, hazihesabiwi pamoja na makoti hayo ya nje. (Ndugu wa mashirika, mnapotufundisha habari za basi na 911, na hili mliongeze.) Ukipewa kazi ya friza, kabla hujatia sahihi, uliza: koti na glavu mnanipa, au mnataka ninunue mwenyewe?