Waliogopa Kulala

Siku hizi neno "mlokole" ni la utani. Ukikataa bia kwenye sherehe, au ukisema "Bwana asifiwe" mahali ambapo wenzako wanasema "mambo", utaitwa mlokole na mtacheka wote. Neno lenyewe limetoka Uganda. Kwa Kiganda, mulokole ni mtu aliyeokoka. Lilishika kasi katika miaka ya 1930, na hata wakati huo wengi walilitamka kwa kejeli. Bibi yangu, anayeishi kijijini mkoani Kagera, hajawahi kulichukia. Ukimwita hivyo anaitika.

Nikiwa mtoto nilikwenda naye kwenye ushirika, kikao cha waliookoka kilichofanyika kila wiki sebuleni kwa mmoja wao. Nilidhani nitasikia habari za wachawi na wezi waliotubu. Nilichosikia ni habari ndogo ndogo. Siku moja Bibi alisimama akasema kwamba alikuwa ameuza maharage kwa kopo lililobonyea. Alijua limebonyea, na alijua upande uliobonyea unampunguzia mteja kiasi gani. Jumamosi nzima alilitumia, na Jumapili aliposali alihisi maneno yanaishia kwenye paa. Ndiyo maana alikwenda kwa yule mama aliyenunua, akamwongezea maharage na kumwomba radhi. Ndugu wakamshukuru Mungu, wakaimba, kisha akasimama mwingine.

Nilikua nikiamini kwamba vile vikao ni vya wazee wasio na kazi. Miaka mingi baadaye, nikisoma historia kwa shahada ya uzamili, nilichagua kuandika tasnifu kuhusu Uamsho wa Afrika Mashariki. Hapo ndipo nilipokutana tena na lile kopo.

Uamsho huo huhusishwa na Gahini, kituo cha misheni kando ya Ziwa Muhazi nchini Rwanda. Daktari Mwingereza, Joe Church, alifika hapo mwaka 1928. Muda si mrefu njaa kali ikaipiga nchi, na hospitali ikajaa watu waliokuwa wakifa. Kufikia Septemba 1929 Church alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala kupumzika, na huko, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda msomi aliyekuwa amefanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Kwa siku mbili walikaa pamoja na Biblia zao, wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba. Ukikumbuka jinsi ukoloni ulivyowapanga watu, Mzungu juu na Mwafrika chini, ni jambo la kushangaza. Wote wawili walikuja kusema kwamba siku zile ziliwabadilisha.

Ninapowasimulia rafiki zangu habari hii, wengi hungojea nifike kwenye dhambi kubwa iliyovunjwa. Haipo. Church hakuwa mlevi. Alikuwa mmishonari aliyefanya kazi ya Mungu mpaka akakauka, na jambo hilo linajirudia kwa karibu kila mtu wa mwanzo wa uamsho huu.

Mtazame Yosiya Kinuka. Alikuwa kiongozi wa wasaidizi wa Kiafrika katika hospitali ya Gahini. Kazi haikuwa ikienda vizuri, wafanyakazi walinung'unika, na yeye mwenyewe alifikiria kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza matatizo ya hospitali. Badala ya kumpa pole, Nsibambi alimwambia kwamba chanzo cha hali mbaya ya hospitali kilikuwa dhambi iliyomo moyoni mwake yeye Kinuka. Ni jibu gumu. Njiani kurudi Rwanda lilimsumbua mpaka akakubali. Hospitali aliyorudi kuifanyia kazi ilikuwa ile ile, lakini wenzake waliona kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka.

Au mtazame Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekwenda Gahini mwaka 1929 kuwa mwalimu. Alifundisha, alihubiri, na mwaka 1934 akawa shemasi. Lakini aliona kwamba maneno yake yanapita juu ya vichwa vya watu bila kutua. Mwaka 1935 alijitenga kwa takriban wiki moja, akajifungia kuomba na kusoma Maandiko. Alipotoka alikuwa na ujumbe ambao aliurudia kila alipokwenda, kwa neno moja la Kiganda: Zukuka. Amka.

Kigozi alipanga kuifikishia sinodi ya Kanisa la Uganda hoja zake: kanisa limepoa, watu wanaoishi katika dhambi waziwazi wanakaribishwa mezani pa Bwana, je, tufanye nini ili tuamke? Hakuwahi kusimama mbele ya sinodi hiyo. Homa ya papasi ilimuua Januari 1936, akiwa bado kijana. Mwaka huo huo uamsho ulilipuka Gahini, na neno lake likawa kaulimbiu.

Nimelifikiria sana neno hilo. Wahubiri wengi wa zama zile waliwaita watu watoke gizani, waache sanamu, waje. Kigozi aliwaita watu waliokwisha kuja. Mtu aliyelala hajaondoka nyumbani. Yupo kitandani mwake, anapumua, jina lake limo kwenye kitabu cha washirika. Shida ni kwamba ukimwita hasikii, na yeye mwenyewe hajui kama hasikii. Waliokuwa Gahini hawakuwa na simu za mkononi wala intaneti. Walikuwa na wagonjwa, ripoti za misheni, mitihani ya shule, na magomvi ya kazini. Hivyo vilitosha kabisa kumziba mtu masikio.

Basi walikaaje macho? Nilitarajia kukuta ukimya, mapango, na miezi ya kufunga. Kigozi alijitenga kweli, lakini wiki moja tu. Njia waliyoishi nayo miaka na miaka ilikuwa ya watu wengi. Waliita "kutembea nuruni", kutokana na waraka wa kwanza wa Yohana. Maana yake ilikuwa hii: kitu kikikugusa dhamiri, hata kikiwa kidogo, usikiache kilale. Kiseme mbele za Mungu, kiseme mbele ya ndugu, na kama kuna mtu uliyemkosea, nenda kwake. Watu walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri na majirani. Wamishonari nao walisimama mbele ya Waafrika wakatubu majivuno yao. Ushuhuda ulitakiwa uwe wa sasa. Habari za jinsi ulivyookoka miaka kumi iliyopita zilikuwa njema, lakini ndugu walitaka kujua umetembeaje na Yesu wiki hii.

Vikosi vya wahubiri vikatoka kwenda Uganda, Burundi, Kenya na Kongo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 uamsho ulikuwa umefika Katoke, magharibi mwa Tanganyika, na katika miaka iliyofuata ukaenea kwa Walutheri wa Bukoba. Kwa njia hiyo ulifika hadi kwenye sebule za akina Bibi.

Haukupokelewa kwa furaha kila mahali. Katika chuo cha theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, kikundi cha wanafunzi kilikuwa kikiamka saa kumi alfajiri kuomba na kuhubiri. Uongozi ukapiga marufuku mikutano ya kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Wanafunzi wakakataa, na mnamo Oktoba 1941 ishirini na sita wakafukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Nasoma tukio hili nikiwa upande wa wanafunzi, lakini nakiri kwamba ningekuwa ninalala chumba cha jirani, huenda ningekuwa wa kwanza kwenda kushtaki.

Wengine walilipa zaidi ya hapo. Nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wengi wa Ukikuyuni walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi wakauawa. Siamini kwamba mtu hupata ujasiri wa namna hiyo siku ile ile anayohitaji. Nadhani walijifunza katika mambo madogo, wiki baada ya wiki, kuitambua sauti waliyoiamini, hata ilipowajia wakati wa kufa hawakuuliza ni ya nani.

Ningeishia hapo, tasnifu yangu ingekuwa sifa tupu. Lakini wepesi wa dhamiri nao una hatari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Uganda, kundi lililoongozwa na Yona Mondo liliona kwamba walokole wenyewe wamesinzia. Likajiita Abazukufu, yaani walioamshwa. Moja ya mambo waliyoyashikilia ni madeni: aliyekopa, walisema, hawezi kutembea nuruni. Ndugu walioimba pamoja kwa miaka thelathini wakagawanyika, na jeraha hilo likachukua miaka kupona.

Naelewa walichokuwa wakitafuta. Deni linaweza kweli kumzuia mtu asimsikie Mungu. Lakini kilichokuwa jambo la mtu mmoja na Mungu wake, likisemwa kwa machozi sebuleni, kikawa kipimo cha kuwapimia wengine. Mtu akishika orodha ya makosa ya wenzake hana haja tena ya kusikiliza, kwa kuwa majibu yote anayo. Huo nao ni usingizi, ila ni wa mtu aliyefumbua macho.

Mwezi uliopita nilikuwa nikiandika sura ya tatu, inayohusu ushirika kama mahali pa kusikilizana. Simu ikalia. Bibi. Nikaizima sauti, nikaendelea kuandika. Ikaita tena jioni, nikajiambia nitampigia nikimaliza aya hii. Aya ikazaa aya. Siku tatu zikapita. Siku ya nne mama akanipigia kuniambia kwamba Bibi alikuwa amelazwa kwa presha, ameruhusiwa, na anaendelea vizuri. Alitaka tu kusikia sauti yangu kabla ya kwenda hospitali.

Nilikaa nikiitazama kompyuta. Hakuna mtu angeniita mtenda dhambi. Nilikuwa na tarehe ya kuwasilisha kazi, na kazi yenyewe ilikuwa inahusu mambo ya Mungu. Nilikuwa kama Kinuka, ninayezijua shida zote za hospitali na nisiyejua habari za moyo wangu.

Nikampigia. Nilikuwa nimejiandaa kusema mtandao ulisumbua. Neno lilifika mdomoni kabisa, na hapo nikakumbuka lile kopo: lilibonyea kidogo tu, na Bibi hakulala nalo.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ulikuwa na shughuli?"

"Hapana, Bibi. Niliona simu yako mara zote mbili. Niliiacha kusudi, nikaendelea na kazi zangu. Naomba unisamehe."

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku wake wakilia uani.

"Bwana asifiwe," akasema. "Nimekusamehe. Umekula?"