Hongo ya njia

Leo tulitazame neno ambalo siku hizi tukilitamka tunashusha sauti. Neno lenyewe ni hongo. Ukilisema barabarani, askari akiwa karibu, unaweza kujitafutia balaa. Lakini babu zetu walilitamka mchana kweupe, mbele ya wazee na umati wa watu, na hakuna aliyeona aibu.

Katika karne ya 19 msafara uliotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ulilazimika kusimama Ugogo. Hapo mkuu wa nchi alidai hongo, yaani malipo ya kupita. Yalilipwa kwa merikani, kaniki, shanga au nyaya, tena baada ya majadiliano ambayo yangeweza kuchukua siku nzima au zaidi. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, alilalamika sana, na Wazungu waliomfuata wakapokea wimbo huo huo kwamba Wagogo ni wanyang'anyi.

Tuwe waungwana kidogo. Ugogo ni nchi kame. Msafara ulikuwa na mamia ya watu, mara nyingine zaidi ya elfu, na wote walifika wana kiu. Kisima ambacho kijiji kilitegemea kiwafikishe msimu wa mvua kiliweza kukauka kwa sababu ya wageni wa siku mbili. Basi mgeni alilipia maji, alilipia usalama wake, na alilipia usumbufu wa wingi wao. Kwa lugha ya leo tungesema Wagogo walitoza ushuru wa msongamano, miaka mingi kabla ya Singapore kuanza kuwatoza wenye magari waliotaka kuingia katikati ya jiji, mwaka 1975.

London ilifuata tarehe 17 Februari 2003, kwa pauni 5 kwa siku. Meya aliyeanzisha jambo hilo aliitwa Ken Livingstone. Jina hilo linanichekesha, maana Henry Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone mwingine mwaka 1871, kwa fedha za gazeti la New York, kilichomchosha kuliko homa ni hongo. Alipofika Uha alitozwa vitambaa makumi kwa makumi, kesho yake akatozwa tena, na akaambiwa mbele wako wakubwa wengine wanaomngoja. Akafanya kama dereva wa fuso anayekwepa mizani: akatafuta mtu wa kumwongoza, akatoroka usiku kwa kupita porini. Nao ubalozi wa Marekani mjini London umekataa kulipa ushuru wa jiji hilo tangu mwaka 2005, kwa hoja kwamba ni kodi na wanadiplomasia hawatozwi kodi. Desturi haipotei upesi.

Wajerumani waliitawala nchi, wakawazuia wakuu wetu kutoza hongo. Je, njia ikawa ya bure? Hata kidogo. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka huko mashambani, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho, mara nyingi kwa kulima barabara. Waingereza nao waliendelea na mtindo huo. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Zamani mpita njia alimlipa mwenye nchi. Sasa mwenye nchi, anayetembea kwa miguu, akawa analipia njia ya gari la mtu mwingine. Watu wa Songea wanakumbuka: wengi wao walitembea kwa miguu hadi mashamba ya mkonge kutafuta fedha ya kodi hiyo.

Leo tunalipia barabara ndani ya lita ya mafuta. Mfuko wa Barabara ulianzishwa mwaka 1991. Mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na ushuru wa mafuta ukapandishwa shilingi 40 kwa lita. Bajeti ya 2021/22 ikaongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Ukiacha daraja la Kigamboni, ambako tangu 2016 mwenye gari hulipa hapo hapo, wengi wetu hatuoni kizuizi wala mtoza ushuru.

Sasa nenda Hanga, mkoani Ruvuma. Mashine ya kusaga inayotumia dizeli haijawahi kukanyaga barabara, lakini mama anayepeleka debe lake la mahindi analipa mle mle. Mwenye gari dogo aliyekwama peke yake kwenye foleni ya Kariakoo, akiwa ameziba njia ya basi, kwa lita hiyo hiyo analipa kiasi kile kile. Kisima kinakaushwa Dar es Salaam, mlipaji yuko hata Hanga.

Wako wanaosema Dar es Salaam nayo iige London. Sipingi. Ila lori la mahindi kutoka Songea husafiri karibu kilomita elfu moja kufika sokoni, na likitozwa mlangoni, tajiri wa lori hatatoa mfukoni mwake. Atapunguza bei kule shambani. Wakuu wa Ugogo walijadiliana na mlipaji uso kwa uso. Mkulima wa Hanga hatakuwapo kwenye kikao. Kabla ya kizuizi chochote kuwekwa Kariakoo, ningependa hesabu ya gunia lake moja iwekwe mezani.