Kula Katika Mikahawa ya Kilebanoni na Kitaliano: Hukumu, Adabu na Mambo ya Kuuliza

SUALI:

Masheikh wetu, mimi ni mzee wa Mwankoko, Singida. Mwanangu anafanya kazi huko Unguja na ameoa huko huko. Nilipokuja kuwatembelea, wakwe zangu, Allah awalipe kheri, walitualika chakula cha usiku kwenye mkahawa mkubwa unaopika vyakula vya Kilebanoni na Kitaliano kwa pamoja. Chakula kilipoletwa nilimuuliza mhudumu, kuku huyu kachinjwa na nani? Mwanangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Mhudumu alikwenda jikoni, akarudi akasema kuku ana alama ya halali, lakini mchuzi wake umetiwa divai nyeupe. Wenzangu walikuwa wameshaanza kula. Meza nzima ikanyamaza. Mwanangu anasema nimemtia aibu mbele ya wakwe, na kwa bili ya usiku ule mimi ningenunua mbuzi watatu hapa kwetu. Je, nilikosea? Na wale waliokwishakula, hukumu yao ni ipi?

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), Aali zake na Sahaba zake.

Mzee wetu, hukukosea. Ulichouliza ni haki yako, na kwa kuuliza kwako umewanusuru wenzako na tonge zilizobakia. Kwa kuwa masuali ya namna hii yanatufikia mara kwa mara kutoka kwa familia za Unguja na Pemba, tumeona tulijibu lako kwa upana ili liwe marejeo kwa wengine.

KWA NINI WA MWANKOKO ALIULIZA NA WA UNGUJA HAKUULIZA

Singida ni mji wa watu wa dini mbalimbali. Muislamu wa huko amelelewa akijua kuwa kabla ya kula nyama kwa jirani, au kwenye mgahawa wa stendi, anatakiwa ajue nani kachinja. Kwake suali hilo ni la kila siku, na anayeulizwa haoni ubaya.

Sisi wa visiwani tumezaliwa katikati ya Waislamu. Mchinjaji ni Muislamu, muuza duka ni Muislamu, mpishi wa shughuli ni Muislamu. Tumeshazoea kutokuuliza, na kwa chakula cha mtaani kwetu hilo halina tatizo, kwani asili ya nyama inayouzwa na Muislamu ni halali. Imepokewa na al-Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (Radhiya Allahu anha) kuwa watu walimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nyama waliyoletewa na watu waliokuwa wapya katika Uislamu, hawajui kama ilitajiwa jina la Allah. Akawaelekeza walitaje wao jina la Allah na wale.

Lakini jiko la mkahawa wa kitalii si jiko la mtaani. Nyama yake huenda imetoka nje ya nchi, mpishi wake huenda si Muislamu, na mapishi yenyewe yametungwa na watu ambao kwao divai na nguruwe ni viungo vya kawaida. Hapo dhana njema peke yake haitoshi.

"KILEBANONI" SI CHETI CHA HALALI

Wengi wetu tukisikia mkahawa wa Kiarabu huondoa shaka. Lebanoni ni nchi ya Waislamu wa Kisunni na Kishia, Wadruzi, na Wakristo wengi wakiwemo Wamaroni. Kinywaji chao mashuhuri, araki, ni kileo cha zabibu kilichotiwa yansuni. Basi lugha ya menyu haithibitishi uhalali wa kilichomo ndani yake.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya meza ya Kilebanoni ni nyepesi kwetu kisheria: hummus (dengu zilizosagwa na ufuta), falafel, biringani la kuchoma, saladi ya tabule, mtindi, mikate ya zaatari. Hivi asili yake ni halali. Penye kuulizwa ni nyama: shawarma, kebabu, kibe na kuku.

NYAMA NA MCHINJAJI

Aya ya 5 ya Suratul Maida imetuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, na wanazuoni wamekifasiri kuwa ni vichinjwa vyao. Hapa pana mambo mawili ya kuzingatia.

Kwanza, katika madhhebu yetu ya Shafii, kauli mashuhuri imeweka masharti juu ya nani anahesabiwa kuwa ni katika Ahlul Kitab, na miongoni mwake ni kwamba wazee wake wawe wameingia katika dini hiyo kabla ya kuja Uislamu. Kwa sababu hiyo masheikh wetu wa pwani tangu zamani hawakuruhusu vichinjwa vya Wakristo wa nchi zetu. Wanazuoni wengi wa madhhebu nyengine, na wengi wa zama hizi, hawakuliweka sharti hilo.

Pili, hata kwa wanaoruhusu, mnyama lazima achinjwe. Aliyekufa kwa umeme, kwa kupigwa au kwa kunyongwa ni mzoga, awe ameuliwa na nani.

Kwa hivyo, nyama yenye alama ya halali kutoka chombo kinachoaminika, au iliyochinjwa na Muislamu hapa hapa, inaliwa. Isiyojulikana ilikotoka, katika jiko lisilo la Waislamu, iachwe.

NGURUWE ALIYEJIFICHA KWENYE JINA

Menyu ya Kitaliano haiandiki "nguruwe" kila mara. Huandika jina la kitoweo tu. Yajulikane haya:

1. Prosciutto, pancetta na guanciale ni nyama ya nguruwe. Pasta ya carbonara kwa asili yake hupikwa na guanciale au pancetta.
2. Mortadella na salami kwa desturi ni za nguruwe. Zipo za ng'ombe au kuku, lakini lazima ziulizwe.
3. Pepperoni ya kwenye piza mara nyingi ni mchanganyiko wa nguruwe na ng'ombe.
4. Bresaola ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Suali lake ni la mchinjaji.
5. Panna cotta, kitamutamu cha maziwa, hugandishwa kwa gelatini, na gelatini huenda ikatokana na nguruwe.

Suala la tanuri na vyombo pia lipo. Piza ya mboga ikikatwa kwa kisu kilekile kilichokata piza ya nguruwe, imeguswa na najisi. Kwa Shafii, najisi ya nguruwe imeambatishwa na ya mbwa, yaani kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ingawa Imam an-Nawawi katika al-Majmuu ameona kuwa kwa upande wa dalili, kuosha mara moja kuna nguvu zaidi. Abu Thaalaba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu vyombo vya Ahlul Kitab, akamuelekeza atafute vyengine, na akikosa avioshe kisha ale ndani yake. Ushauri wetu ni mwepesi: mkahawa unaopika nguruwe, familia ya Kiislamu itafute mwengine. Mikahawa si michache.

DIVAI NDANI YA SUFURIA

Hili ndilo lililomkuta mzee wetu, na ndilo linalowapita wengi. Wali wa Kitaliano, risotto, kwa kawaida hutiwa divai nyeupe mwanzoni mwa kupikwa. Mchuzi wa nyama ya kusaga wa bolognese mara nyingi hutiwa divai. Tiramisu mara nyingi hutiwa divai ya Marsala au ramu.

Wengi wetu tukiingiwa na shaka hukimbilia samaki, kwa kuwa aya ya 96 ya Suratul Maida imetuhalalishia vya baharini. Ni kweli, pweza, ngisi na kamba ni halali. Lakini pasta ya vya baharini ni katika vyakula vinavyotiwa sana divai nyeupe. Samaki ni halali, mchuzi wake sio.

Husemwa kuwa kileo huruka chote motoni. Si hivyo. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kuwa chakula kilichotiwa kileo na kuchemshwa dakika 30 hubakiwa na kiasi cha asilimia 35 ya kileo hicho, na baada ya saa 2 na nusu bado hubaki asilimia 5. Na hata kingeruka chote, ulevi kwa jamhuri ya wanazuoni ni najisi, na chakula kilichochanganyika na najisi hakitwahariki kwa kupikwa.

SIKI NA JIBINI

Siki ya balsamiki hutokana na maji ya zabibu. Mtume (s.a.w.) ameisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri, kama alivyopokea Muslim. Ulevi ukigeuka siki wenyewe, ni halali kwa makubaliano. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu, Shafii hawaruhusu, na Hanafi wanaruhusu. Siki iliyonunuliwa tayari, ambayo hatujui ilivyogeuka, wanazuoni wengi wa leo wameiruhusu, nasi hatumkatazi mtu.

Jibini hugandishwa kwa infaha, yaani kigandishi kinachotolewa tumboni mwa ndama au mwanambuzi anayenyonya. Parmigiano Reggiano kwa kanuni zake lazima itiwe kigandishi cha ndama. Shafii na jamhuri wanataka mnyama huyo awe amechinjwa kisheria. Abu Hanifa ameiona infaha kuwa ni twahara hata ya mzoga, na Ibn Taymiyya amelitilia nguvu hilo kwa kuwa Sahaba walikula jibini za Majusi walipofungua Iraq. Suala lina wasaa. Anayejizuia amechukua hadhari, na anayekula asilaumiwe. Jibini nyingi siku hizi hutumia kigandishi kisichotokana na mnyama, na hizo hazina utata.

KUKAA PENYE ULEVI

At-Tirmidhi amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) katazo la Mtume (s.a.w.) kwa mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Meza yako ikiletewa ulevi, ondoka au uondoshwe ulevi. Ikiwa unanywewa meza za mbali, katazo ni jepesi zaidi, lakini kuwazoesha watoto kuona chupa kuwa ni pambo la chakula kizuri ni hasara ya malezi. Chagua mkahawa usiouza, au omba chumba cha pembeni, na uchague saa ambayo Magharibi na Isha hazitapotea.

Uma ushikwe kwa mkono wa kulia, hata kama waliokaa karibu wanashika kwa kushoto.

BEI, ISRAFU NA MBUZI WATATU

Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imeruhusu kula na kunywa na ikakataza israfu. Chakula ghali si haramu kwa ughali wake. Mwenye uwezo kumkirimu mkwe aliyesafiri kutoka Singida ni jambo la kheri, na mgeni wa mbali anastahiki kilicho bora. Israfu ni kuagiza kisicholiwa, kukopa ili uonekane, au kulipa bili kubwa na huku mna madeni ya watu au ada za skuli hazijalipwa.

Mzee wetu, wakwe zako walikusudia kukuheshimu. Hesabu ya mbuzi usiwasomee. Lakini vijana nao wajue kuwa mgeni huheshimiwa kwa chakula anachokiamini, hata kikiwa ni samaki wa kupaka nyumbani.

NAMNA YA KUULIZA

Kuuliza ni sunna ya mwenye hadhari, na kuna adabu yake. Mwenyeji aulize kabla, kwa simu, asimuachie mgeni mzigo huo mezani:

1. Jikoni kunapikwa nguruwe?
2. Nyama na kuku vinatoka wapi, na vina cheti cha nani?
3. Vyakula gani vinatiwa divai au kileo, pamoja na michuzi na vitamutamu?
4. Mnaweza kutupikia bila ya hivyo, kwa sufuria nyengine?
5. Ulevi unauzwa, na pana sehemu isiyo na ulevi?

Muulizeni mhudumu kwa upole. Yeye si mpishi, na huyu aliyekwenda jikoni akarudi na ukweli amefanya uaminifu, anastahiki shukrani. Wala msikitie ila chakula chenyewe, Abu Hurayra (r.a.) ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) hakukitia chakula aibu kamwe. Akikitamani hula, na asipokitaka hukiacha.

WALIOKWISHAKULA

Aliyekula bila ya kujua hana dhambi wala kafara. Asukutue kinywa, aoshe mikono na kilichomdondokea, basi. Aliyeendelea kula baada ya kusikia jibu la mhudumu, kwa kuona haya, huyo arejee kwa Allah kwa toba na istighfari. Haya mbele ya watu isitangulizwe mbele ya haya kwa Allah.

NENO KWA MTOTO NA KWA BABA

Kijana wetu, baba yako hakukutia aibu. Aliuliza suali ambalo wewe mwenyeji ulitakiwa uwe umeshaliuliza kabla hajapanda gari. Allah katika Suratul Israa, aya ya 23, amekataza hata neno dogo la kuwaguna wazazi, seuze mguu chini ya meza. Mpigie simu Mwankoko leo, umtake radhi, na uwaeleze wakwe zako kuwa mzee aliwafaa wote usiku ule.

Nawe mzee wetu, msamehe kabla hajamaliza kusema. Kijana aliyekaa ugenini, kati ya wazazi wake na wazazi wa mkewe, hukosea kwa kutaka kuwaridhisha wote. Ukija tena Unguja, mwambie mapema unachokula. Na wao wakija Mwankoko, wapikie kuku wa kienyeji na mlenda, uwaambie bila ya kuulizwa ni nani aliyemchinja.

Tunamuomba Allah atulishe vya halali, azikinaishe nafsi zetu navyo, na aunganishe baina ya baba na mwana.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.