Tamthilia na Mithili Yake

Neno "tamthilia", ambalo wakazi wa mwambao wa Tanzania, tangu Mapinga hata Bagamoyo, hulitaja kila magharibi runinga ziwashwapo, asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake wa nasaba moja ni mithali na mithili. Yaani maana yake ya awali ni kukifanyia kitu mfano wake.

Asili hiyo yafaa ikumbukwe na wale washikwao na simanzi kila wasikiapo kwamba mchezo wa kale walioupenda utaundwa upya kwa sura ngeni. Huzuni yao si upuuzi: Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabla ya mwaka 1994, na wasanii wa Kaole Sanaa Group, kundi la maigizo lenye jina moja na magofu yaliyo jirani na Bagamoyo, walipoingia majumbani walipokewa kama jamaa.

Lakini iangalieni tamthilia ya Cuando Seas Mía ya Mexico, ya mwaka 2001, iliyowaliza wengi Afrika Mashariki: nayo ilikuwa mithili ya Café con aroma de mujer ya Colombia, ya mwaka 1994, ambayo Wakolombia wenyewe waliiunda tena mwaka 2021. Basi anayelilia asili huenda aliipenda nakala, wala hilo halimnyimi haki ya kulia.

Tahadhari moja: mchezo wa namna hii usiitwe "marudio", kwani hilo ni jina la kipindi kile kile kirushwacho tena, bali uitwe tamthilia iliyoundwa upya.