Wasiwasi wa Mwenye Dhamana: Tafakuri juu ya Imani na Uongozi wa Askofu Mkuu Janani Luwum

Aghalabu wahubiri wetu, wanapowausia viongozi juu ya wasiwasi, husema kana kwamba imani ni dawa ya usingizi, ambayo mtu akiisha kuinywa hulala fofofo hata paa la nyumba yake likiungua. Na hoja hiyo huiegemeza juu ya mafundisho ya mlimani katika Mathayo, mlango wa 6, ambamo wanafunzi wanakatazwa kusumbukia chakula na mavazi. Walakini mafundisho yale yaliwalenga watu waliohofia matumbo yao na miili yao wenyewe, ilhali wasiwasi wa kiongozi, maadamu ni wa haki, ni hofu juu ya watu wengine ambao amekabidhiwa kuwa amana. Mtume Paulo aliyewausia Wafilipi, naye yumo kifungoni, waache fadhaa na kumpelekea Mungu haja zao, ndiye yule yule aliyewakiria Wakorintho, katika Waraka wa Pili, mlango wa 11, kwamba kila kukicha alilemewa na mashaka ya makanisa yote. Sioni kwamba alijipinga. Nionavyo mimi, imani ya Kikristo haimwondolei kiongozi wasiwasi kwa kumfisha hisia, bali humtoa katika upweke wa kuubeba peke yake, kisha humpambanulia kilicho wajibu wake na kilicho hatima iliyo mikononi mwa Mungu.

Musa ni shahidi wa kwanza. Katika Hesabu, mlango wa 11, watu wanalilia nyama, naye, akiisha kuchoka na malalamiko yao, anamnung'unikia Mungu waziwazi kwamba mzigo wa taifa zima umemshinda, na kwamba afadhali afe kuliko kuendelea hivyo. Jawabu analopewa si karipio, wala si maneno matamu ya faraja: anaamriwa akusanye wazee 70 mbele ya hema ya kukutania, wagawiwe roho iliyo juu yake, wauchukue mzigo pamoja naye. Ni ajabu jinsi jambo hili linavyopitwa kwa haraka katika mahubiri, kwa kuwa hapa sala ya mtu aliyekata tamaa imejibiwa kwa kuundwa baraza.

Kielelezo kilicho karibu nasi zaidi ni Janani Luwum, aliyezaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi kaskazini mwa Uganda, mwaka 1922, akawa mwalimu wa shule, akaokoka mwaka 1948 katika mkondo wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Alikalia kiti hicho zama za Idi Amin, aliyetwaa serikali kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971, na ambaye chini yake Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikuwa amekwisha kukamatwa mahakamani mwaka 1972 asirudi tena. Askofu mkuu wa zama zile alikuwa na kila sababu ya kukosa usingizi: waumini wake walikuwa wakitoweka, na jamaa zao wakimjia yeye kuuliza walipo. Naye alikwenda mwenyewe katika ofisi za wapelelezi kuwaulizia waliokamatwa, akaendelea pia kukutana na watawala, hata baadhi ya watu wakamlaumu kwamba anakula na wenye mikono ya damu. Lawama hiyo haikuwa ya kipuuzi. Bali mchungaji anayetaka kumwombea mfungwa kwa mwenye funguo hana budi kubisha mlango wa mwenye funguo, na mimi sioni angepita njia gani nyingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, yapata saa saba na nusu, askari waliivamia nyumba yake ya Namirembe wakidai kutafuta silaha, wakamwelekezea bunduki mwilini, wakapekua chumba hata chumba, wasipate kitu. Mtu aliyefikwa na hayo angeweza kunyamaza kwa hadhari, akauita ukimya wake busara; ama angeweza kutoka asubuhi peke yake, kwa hamaki, akajitakia kifo cha shahidi. Luwum hakufanya lolote katika hayo mawili. Maaskofu walikutana, wakayazungumza, wakaandika waraka mmoja kwa rais, wenye tarehe 10 Februari, wakautia sahihi kwa pamoja. Na ndani yake walisema, kwa taadhima lakini bila kuficha, kwamba bunduki iliyoelekezwa kwa askofu mkuu imeelekezwa kwa kila Mkristo aliye katika Kanisa. Hofu ya mtu mmoja usiku wa manane ikawa, baada ya siku chache, kauli ya baraza.

Wala baraza hilo halikuzuka ghafla. Watu wa Uamsho, tangu miaka ya 1930 huko Gahini na Kigezi, na baadaye hata Bukoba na Kenya, walizoea ushirika mdogo wa kila juma ambamo ndugu, awe askofu au mpishi, huungama mbele ya wenzake yaliyomo moyoni, na hofu ikiwa mojawapo. Hilo ndilo walilolielewa kwa kutembea nuruni. Zipo ila katika desturi hiyo, nami nakiri kwamba imewahi kugeuka udadisi wa dhambi za watu. Hata hivyo ilimlea kiongozi aliyezoea kusema "naogopa" mbele ya watu wasiomdharau kwa kusema hivyo, jambo ambalo wakuu wetu wengi, wa dini na wa dola, hawajapata kulifanya maishani.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa Nile Hotel, Kampala, wakasimamishwa juani kwa saa nyingi huku wakisomewa tuhuma za njama. Kisha wenzake Luwum wakaruhusiwa kuondoka, yeye akazuiwa. Kesho yake ilitangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, habari ambayo watu hawakuisadiki, na jeneza lilipofunguliwa Mucwini majeraha ya risasi yalionekana bayana.

Yuko atakayesema: basi imani hiyo ilimfaa nini, kama mwisho wake ulikuwa huo? Swali ni la haki, lakini linachukulia kwamba wasiwasi hushindwa tu pale jambo linalohofiwa lisipotokea. Ingekuwa hivyo, mwenye imani asingetofautiana na mwenye bahati. Tena tazama kwamba Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, aliyewahi kufundisha Dodoma kwa miaka kadhaa, alipoambiwa kwamba sasa anatafutwa yeye, alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe hadi Rwanda, na mwaka huo huo akatoa kitabu alichokiita *I Love Idi Amin*. Mmoja alibaki akauawa, mwingine alikimbia akaishi, na hasha, sithubutu kusema kwamba imani ya huyu ilikuwa pungufu kuliko ya yule: kila mmoja alitimiza wajibu alioupambanua, hatima akamwachia mwenyewe Mungu.

Kwa hiyo nawasihi wanaowaandaa wachungaji na viongozi katika vyuo vyetu wasiishie kuwafundisha namna ya kuomba faraghani. Kila anayekabidhiwa parokia, dayosisi, shule au wizara na apewe, tangu siku ya kwanza, wenzake watatu au wanne wasio chini ya amri yake, ambao atakutana nao kwa ratiba isiyovunjwa, na ambao wana ruhusa ya kumwuliza ni kitu gani kinachomnyima usingizi.