Damu ya Watoto 290

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi chuoni njia ya kisayansi kama mtu afundishavyo sala: tazama, uliza, bashiri, jaribu, hitimisha. Walikariri, wakafaulu, wakaenda zao kuwakaririsha wengine. Na mimi niliyekuwa nikiwatahini sikuwahi kuuliza swali lililokuwa nyumbani kwetu: kwa nini dada yangu alizika watoto wawili, wote macho yamegeuka manjano, wote wakililia mifupa yao usiku kucha. Majirani walikuwa na jibu lao. Nami, mwalimu wa sayansi, nilinyamaza.

Kumbe swali hilo lilikwisha ulizwa, tena huku huku kwetu Afrika Mashariki.

Ugonjwa wenyewe, selimundu, uliandikwa na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910, baada ya kuonekana katika damu ya mgonjwa chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Kufikia 1949 ilijulikana kwamba mtoto anayerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia huugua, lakini anayeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima. Hapo ndipo fumbo lilipo. Zamani hizo wagonjwa wengi walikufa kabla ya kupata watoto, na kila aliyekufa alikwenda kaburini na kasoro zake mbili. Mbona basi haikwisha?

Mwaka huo huo wa 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, alifuatana na msafara wa chuo kikuu hicho kwenda Mlima Kenya. Alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, wenye kasoro walizidi 20 katika kila watu 100. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Akawaza: kwenye mbu wengi, kasoro nyingi. Huenda anayeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria.

Wengi wetu tungeishia hapo na kutangaza. Lakini pwani na ziwani pana mambo mengine mengi yasiyo malaria, na ramani haisemi lipi ndilo sababu. Allison alimaliza kwanza masomo yake, akarudi 1953 kulitafutia wazo lake mtihani ambao lingeweza kushindwa. Alipima watoto wa Kiganda 290, wadogo. Kwa nini watoto? Kwa sababu mtu mzima aliyeumwa malaria mara nyingi mwili wake umekwisha kujijengea kinga, na kinga hiyo ingeficha kile kinachotafutwa. Miongoni mwa watoto 43 wenye kasoro, 12 walikuwa na vimelea. Miongoni mwa 247 wasio nayo, 113. Yaani 28 kwa 100 dhidi ya 46. Kama hesabu hizo zingelingana, wazo lingekufa siku hiyo.

Alifanya na jaribio jingine, ambalo mimi nikilisoma moyo husita: Wajaluo 30 watu wazima, waliojitolea, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na kasoro, 14 walipata vimelea; kati ya 15 wenye nayo, wawili tu. Hesabu ni nzuri mno, lakini nisingependa mwanangu awe mmojawapo. Matokeo yalichapishwa 1954. Wako waliorudia jaribio la namna hiyo kwingine wasipate jibu lile, ubishi ukaendelea miaka kadhaa, watafiti wengine wakipima watoto wengine, mpaka jambo likathibitika.

Nilimsimulia dada habari hizi tukiwa barazani, miaka mingi baada ya misiba. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo, kaka, ni damu yangu?”

Nikamwambia ni yake na ya shemeji, wote wawili, na kwamba damu hiyo hiyo huenda ndiyo iliyowavusha katika malaria wale waliobaki. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kama mtu mzima anaweza kupimwa, maana binti yake wa mwisho alikuwa amekwisha kuchumbiwa.

Jumatatu tulikwenda hospitali sote wanne, yeye, binti, mchumba na mimi.