Kurejea kwa saratani ya ini: utabiri kwa MRI

Baada ya upasuaji, saratani ya ini hurejea kwa hadi wagonjwa 7 kati ya 10 ndani ya miaka 5. Picha za MRI zilizopigwa kabla ya upasuaji hudokeza nani yumo hatarini: kingo za uvimbe zisizo laini, au mng'ao pembezoni mwake baada ya dawa ya gadolini kudungwa mshipani. Hizo ni dalili kwamba huenda seli zimeshapenya mishipa midogo ya damu, asikoona mpasuaji.

Kwa mkazi wa Kayole au Dandora, mitaa ya Nairobi, utabiri huo ni anasa. Wengi hufika Hospitali ya Kenyatta wakiwa wamechelewa kupasuliwa. Hata hivyo, chanjo ya hepatitisi B, inayozuia chanzo kikuu kimojawapo cha saratani hiyo, hutolewa kwa watoto Kenya tangu 2001, katika wiki ya 6, 10 na 14.